Singa ya Mkonge Si Uzi Mmoja: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Hadubini

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kuandaa hadubini ya kawaida ya shule, na tukawaomba wasomaji watuletee maswali juu ya waliyoyaona. Nilitarajia maswali ya wadudu na maji ya dimbwi. Barua zilizofika, karibu zote, zinauliza kuhusu nyuzi: mkonge, pamba, sufi, makumbi. Pengine ndivyo inavyostahili kuwa katika mkoa ambao wazee wake wengi walilipwa ujira wao wa kwanza kwa kuhesabiwa mafungu ya majani ya mkonge. Nimezijibu zile zilizogusa mambo ambayo wengine pia wameyauliza kwa maneno tofauti, na pale barua ilipokuwa ndefu nimeifupisha bila kubadilisha maana.

*Mwalimu, shikamoo. Babu yangu alikuwa mkata mkonge, na nyumbani bado tuna kamba aliyoisokota mwenyewe. Nilichomoa singa moja nikaitazama kwa hadubini ya shule, nikitarajia kuona kitu laini kama waya, lakini niliona kitu chenye mistari mingi ya urefu, kama fungu la mabua. Je, nilikosea? Pia babu husema majani mabichi ya mkonge huwasha ngozi kuliko kitu chochote. Huwasha kwa nini? (Mwanafunzi, Muheza)*

Marahaba, mwanangu. Hukukosea hata kidogo, na neno lako "fungu la mabua" ni zuri kuliko maelezo niliyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu. Singa moja ya mkonge, ambayo kwa macho tunaiona kuwa uzi mmoja wenye urefu wa mita moja au zaidi, si uzi mmoja. Ni mkusanyiko wa seli nyingi zilizokufa, ndefu na nyembamba, zilizolala sambamba na kugandishwa pamoja. Ukiikata singa kwa wembe mkali na kuutazama mkato wake, utaona kama seli mia moja hivi zimebanana, kila moja ikiwa na pembe kadhaa zilizofifia na tundu katikati. Kila seli ina urefu wa milimita chache tu, mara nyingi karibu 3, na unene wa takriban maikromita 20. Maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Singa yote ina unene wa kati ya maikromita 100 na 300. Kwa hiyo urefu ule wa mita nzima umejengwa na seli fupi zilizopishana miisho yake, kama makuti yanavyopishwa juu ya paa, na kinachozishikanisha ni gundi ya mmea wenyewe, ambayo sehemu yake kubwa ni lignini, kile kitu kinachoupa mti ugumu wake.

Ukilijua hilo, kamba ya babu yako itaanza kukueleza mambo. Kamba kuukuu ya mkonge haikatiki ghafla kama uzi wa nailoni, bali huota vinyweleo kwanza. Vinyweleo hivyo ni seli, au mafungu madogo ya seli, yaliyoachana na wenzake baada ya gundi kuliwa na jua, maji na msuguano. Chukua singa kutoka sehemu ya kamba iliyochakaa, uiweke kando ya singa kutoka ndani ya msokoto ambako jua halikufika, na uzitazame zote mbili kwa pamoja: ya kwanza itakuwa imechanika kwa urefu, na ya pili itakuwa bado imeshikamana.

Singa za jani moja pia hazifanani, jambo ambalo wakulima wengi hawalijui ingawa wanazishika kila siku. Jani moja lina singa elfu moja hivi. Zile zilizo karibu na ganda la jani ni nene, na mkato wake hukaribia umbo la kwato ya farasi. Hizo ndizo zinazolifanya jani lisimame wima kama upanga. Zile za katikati ya jani huambatana na mishipa inayopitisha maji na chakula cha mmea, nazo ni bapa kama utepe. Korona, yaani mashine ya kutoa singa, inapolisaga jani, sehemu ya nyuzi laini za mishipa hiyo hupondeka na kwenda na makapi. Na makapi ndiyo sehemu kubwa ya jani: singa kavu ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi.

Sasa kuhusu kuwasha. Kamua tone la maji ya jani bichi juu ya slaidi, ukivaa glavu, ulifunike kwa kioo chembamba, kisha utazame kwa ukuzaji wa mara 100 na baadaye mara 400. Utaona fuwele ndogo zenye ncha kali, nyingine zikiwa zimelala pamoja kama sindano katika pakiti. Hizo ni fuwele za kalsiamu oksaleti, ambazo mmea huzitengeneza ndani ya seli zake. Zinachoma ngozi matundu madogo yasiyoonekana, na utomvu wenyewe, ambao una saponini, yaani zile kemikali zinazoufanya utoe povu, hupata njia ya kuingia. Babu yako alikuwa akidungwa na maelfu ya sindano zilizopakwa dawa chungu. Fuwele hizi zina ukaidi wa aina yake. Ukiichoma singa hadi ibaki majivu, umbo lao la vijiti hubaki, na kwa alama hiyo wachunguzi wa kamba huweza kuutofautisha mkonge na abaka ya Ufilipino, uzi wa mmea wa jamii ya mgomba, ambayo majivu yake huonyesha punje za silika, yaani madini yanayopatikana kwenye mchanga, zilizojipanga kama shanga.

Na kwa kuwa umemtaja babu, nikuongezee jambo moja ambalo halihitaji lenzi. Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge yaliyofuata katika nchi hii yalianzia kwenye miche hiyo 62, na kwa kuwa mkonge huzalishwa kwa miche inayochipua kwenye mlingoti, yaani shina refu la maua, na kwa maotea, si kwa mbegu, hakuna ajabu kama singa ya Muheza na singa ya Korogwe chini ya hadubini ni kama pacha.

*Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Mteja aliniletea kitambaa akasema ni pamba tupu, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa dukani. Nilipopiga pasi kilianza kunywea na kung'aa, na ugomvi ukawa wangu. Nifanye nini ili nijue kabla ya kukata? Nimesikia kuna njia ya kuchoma uzi. (Fundi, Tanga mjini)*

Waaleikum salaam, fundi, na pole kwa ugomvi ambao hukuuanzisha. Njia ya kuchoma ni ya kweli na mafundi wa zamani waliitumia sana. Uzi wa pamba huwaka kwa haraka, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini ya kijivu yanayopotea ukiyafikicha. Uzi wa poliesta huukimbia moto kwanza, hujikunja, kisha huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi isiyovunjika kwa vidole. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, kwa kuwa zote mbili ni protini, kama nywele zako. Shika uzi kwa kibano, juu ya sahani yenye maji, mbali na vitambaa vyako.

Njia hiyo ina mapungufu mawili. La kwanza ni kwamba vitambaa vingi vya leo vimechanganywa, na uzi mmoja unaweza kuwa na poliesta na pamba zilizosokotwa pamoja, hivyo utaona majivu na punje ngumu kwa wakati mmoja na usijue kipi ni kingi. La pili ni reyoni. Kitambaa hiki hutengenezwa kiwandani kwa selulosi ya miti, yaani kitu kinachojenga kuta za seli za mimea, na kwa kuwa pamba nayo ni selulosi, vyote huwaka na kunuka sawasawa. Moto hauwezi kuvitenganisha, lakini hadubini inaweza.

Chomoa uzi mmoja wa mtande, unaokwenda kwa urefu wa kitambaa, na mmoja wa mshindio, unaokatiza, kwa kuwa wakati mwingine huwa havifanani. Ufumue kila uzi kwa sindano mpaka upate nyuzi moja moja, uziweke katika tone la maji, funika, na tazama kwa mara 100. Pamba haina mwenzake: ni utepe bapa uliojipinda, mara huku mara kule, kama ukindu uliosokotwa kwa haraka na kuachiwa. Poliesta na nailoni ni fimbo laini za duara, zenye unene uleule toka mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi zina vitone vyeusi ndani yake. Hivyo vitone si uchafu. Ni chembe za titani dioksidi ambazo kiwanda huzitia ili kitambaa kisimeremete kupita kiasi. Reyoni huonekana kama fimbo yenye mistari ya urefu, kwa kuwa ukingo wa mkato wake una mikunjo. Ukizoea picha hizo tatu utahitaji dakika tano tu kabla ya kushika mkasi.

Utaniuliza, kwa nini pamba ijipinde? Kila uzi wa pamba ni seli moja tu, unywele uliochipuka kwenye ngozi ya mbegu, wenye urefu wa karibu sentimita 3 na unene usiofika hata maikromita 20. Tumba likiwa bado limefunga, seli hiyo ni mrija wa duara uliojaa maji. Tumba linapopasuka, maji yanakauka, mrija unalala kama mpira wa baiskeli uliotolewa upepo, na kwa kuwa kuta zake zimesukwa kwa mzunguko, unapolala unajipinda. Mipindo hiyo ndiyo inayozifanya nyuzi zishikane zinaposokotwa. Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikitiwa katika magadi makali ya sodiamu hidroksidi hufura na kurudia uduara wake, akapata hataza mwaka 1850. Uzi wa cherehani unaong'aa kidogo, ulioandikwa "mercerized", jina linalotokana na lake, umepitia huko, na chini ya hadubini mipindo yake imepungua sana.

Hapo pia utapata jibu la malalamiko ya wateja wako kuhusu joto. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, na poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwa mji wenye unyevu kama huu wetu, mwenye shati la poliesta jasho lake halina pa kwenda.

Kabla hujaiondoa slaidi, weka ncha ya sindano yako mpya chini ya lenzi. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini, na alichokianza nacho kabisa kilikuwa ncha ya sindano, ambayo aliikuta butu na yenye mabonde. Alifuatisha makali ya wembe, kisha kitambaa cha kitani, kisha cha hariri. Nadhani angejisikia nyumbani katika duka la fundi.

*Mwalimu, sisi huku Pangani tunatumia mito ya sufi tangu enzi za bibi zetu. Kwa nini sufi haizami majini, na kwa nini mto ukifuliwa kwa sabuni unakuwa madonge yasiyofumuka tena? Na je, usumba wa makumbi ni jamaa yake? (Mama wa watoto wanne)*

Dada yangu, kwanza niwaondolee wengine utata: sufi unayoisema ni ya mti wa msufi, na haihusiani na sufu ya kondoo, ingawa majina yamekaribiana kiasi cha kuwachanganya hata wauza magodoro.

Uzi wa sufi, kama wa pamba, ni seli moja, lakini seli hiyo haikulala ilipokauka. Imebaki mrija wa duara, wenye ukuta mwembamba ajabu, usiozidi maikromita 2, na karibu yote iliyobaki ni hewa. Chini ya hadubini utaona fimbo za kioo zilizonyooka, na ndani yake mara nyingi mapovu marefu meusi. Meusi hayo ni hewa yenyewe, kwa sababu mwanga hupinda unapopita kutoka majini kuingia hewani na haufiki machoni mwako. Nje ya mrija kuna nta inayoyafukuza maji. Ndiyo sababu sufi ilijazwa katika majaketi ya kuokolea maisha baharini kabla ya povu za plastiki kuenea, na ndiyo sababu pia haisokoteki vizuri kuwa uzi: ni laini mno na haina mipindo ya kushikana.

Sabuni huivua ile nta. Nta ikitoka, maji huloanisha nyuzi na kuingia kwenye mirija kupitia miisho iliyovunjika, kuta nyembamba hulaliana, na zikikauka zimekwisha kushikana. Hakuna kinachoweza kuzijaza upepo tena. Anika mto juani, upige kwa fimbo, na ufue foronya peke yake.

Usumba si jamaa ya sufi. Kwa ujenzi uko karibu zaidi na mkonge, kwa kuwa nao ni fungu la seli, ila seli zake ni fupi zaidi, karibu milimita moja tu, na zimejaa lignini nyingi kuliko nyuzi nyingine tulizozitaja. Nyuzinyuzi za selulosi katika kuta za seli zake, zilizozunguka kwa pembe pana kama springi, ndizo zinazoufanya unyumbuke, na lignini ndiyo inayoufanya uvumilie maji ya chumvi. Mnapoyafukia makumbi ufukweni kwa miezi, bakteria hula ile nyama laini ya kumbi iliyozishika nyuzi, lakini lignini huwashinda. Kwa hiyo mnapoyachimbua na kuyatwanga kinachobaki ni kile wasichoweza kukila. Tazama uso wa uzi mmoja kwa mwanga wa kutoka juu, si wa chini, na utaona safu za vishimo vidogo. Kila kimoja kilikuwa kitanda cha punje ya silika, na vingine bado vina punje zake.

*Mwalimu, unatutajia maikromita 20, maikromita 200. Hadubini yetu haina rula ndani. Tutapimaje? Pia lenzi yetu ina utando kama buibui hautoki tukifuta. (Wanafunzi wa kidato cha tatu, Chumbageni)*

Wekeni rula ya plastiki inayopenya mwanga juu ya jukwaa la hadubini, kwa ukuzaji wa mara 40, na hesabuni milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Katika hadubini nyingi za shule mtapata kama 4.5. Mkiongeza ukuzaji mara kumi, hadi 400, duara hupungua mara kumi na kuwa milimita 0.45, yaani maikromita 450. Sasa kadirieni ni nyuzi ngapi zingejipanga ubavu kwa ubavu kulijaza duara hilo, mgawanye 450 kwa idadi hiyo. Unywele wa mtu, kwa kawaida, huwa kati ya maikromita 50 na 100. Anzeni na unywele wenu wenyewe, na kila mmoja apime wa kwake.

Utando ule ni ukungu unaoota juu ya kioo, ugonjwa wa lenzi zote za pwani, na mimi umenilia lenzi mbili nzuri. Msiufute kwa kanga wala kwa shati, kwa kuwa vumbi la nguo hukwaruza. Tumieni karatasi maalumu ya lenzi yenye tone la spiriti, na ukishindikana mpelekeeni fundi wa vifaa vya macho. Kisha hifadhini hadubini katika kabati lenye vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, badala ya kuifunika kwa mfuko wa nailoni unaofungia jasho ndani.

*Sisi hatuna hadubini kabisa, tuna simu. (Ujumbe mfupi kutoka Mikanjuni)*

Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, ambaye alikuwa muuza vitambaa, alitumia hadubini za lenzi moja, kipande kidogo cha kioo kama punje ya shanga, na kwa lenzi hizo aliona bakteria katika karne ya 17. Simu yenu inaweza kufanya sehemu ndogo ya kazi hiyo. Chovyeni ncha ya kijiti cha kiberiti katika maji safi, mdondoshe tone moja dogo katikati ya kioo cha kamera, kisha mgeuze simu taratibu, kamera itazame chini, tone lining'inie bila kuanguka. Simu iegemezwe juu ya vitabu viwili ili mkono usitetemeke, na kitu kiwe umbali usiozidi upana wa kidole, kikimulikwa kutoka upande.

Anzeni na chumvi ya mezani, ambayo punje zake ni visanduku vya pembe mraba, kisha chumvi ya mawe kutoka kwenye majaruba, ambayo baadhi ya punje zake zina ngazi na shimo katikati, kwa kuwa kingo za fuwele zilikua kwa haraka kuliko nyuso zake. Baada ya hapo pindo la kanga. Tone likikauka, na kwa joto la Mikanjuni litakauka, futeni kioo kwa kitambaa laini na mdondoshe jingine.